Nyambizi iliyolazwa kwenye magadi

Dirishani kwangu, hapa Leicester, kuna ribiti moja ya chuma, ule msumari mnene wa kuunganishia mabati ya meli, yenye kichwa kikubwa kuliko kizibo cha soda. Niliing'oa kwenye tishari kuukuu la kubebea mizigo tulilokuwa tunalikata vipande bandarini Tanga, mwaka wangu wa mwisho wa kazi kabla sijavuka bahari. Nimeipiga msasa, nimeipaka praima, nimeipaka rangi mara tatu. Haitaki. Kila ikifika Novemba rangi inavimba kama upele, inapasuka, na asubuhi nakuta unga wa kahawia juu ya kitambaa cha mke wangu. Yeye anaiita "mgonjwa wako".

Nimechomelea chuma cha baharini miaka kumi na mmoja, na jambo hilo lilikuwa linaniumiza kichwa. Chuma kimetoka majini, kimekaa ndani ya nyumba, kimepakwa rangi. Sasa kinacholiwa kinaliwa na nani? Halafu nikasoma kwamba huko Gosport, kusini mwa Uingereza, kuna watu waliwahi kuuguza mgonjwa wa namna hiyo hiyo, ila wa kwao ana urefu wa karibu mita 20, na ni Holland 1, nyambizi ya kwanza ya jeshi la majini la nchi hii. Nikaomba likizo ya siku tatu, nikaziunga na Jumamosi na Jumapili.

Siku ya kwanza, Alhamisi

Chatham haiko njiani kuelekea Gosport hata kidogo. Nilipitia huko makusudi, nione kwanza nyambizi iliyo nzima ndipo niende kwa iliyougua. Treni ya pili ilisimama katikati ya mashamba kwa zaidi ya saa nzima bila mtu kutuambia neno, na chapati mbili nilizofunga kwa ajili ya mchana zikaisha saa nne asubuhi.

Chatham, kwenye mto Medway, ilijenga meli za kivita kwa zaidi ya miaka 400, mpaka ikafungwa mwaka 1984. Nyambizi HMS Ocelot ndiyo manowari ya mwisho iliyojengwa hapo kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Iliteremshwa majini tarehe 5 Mei 1962, ikafanya kazi mpaka 1991, na sasa imekalishwa kwenye chelezo kikavu, mita 90 za chuma cheusi unachoweza kukitazama mpaka tumboni. Nilisimama pale ukingoni muda mrefu. Sisi Tanga hatukuwa na anasa ya chelezo kwa kila kazi. Tulikuwa tunalisogeza tishari mchangani maji yakijaa, tunasubiri yakupwe, halafu tunapata saa chache za kugonga kutu na kubandika viraka kabla bahari haijarudi kudai chake. Ukichelewa, unachomelea huku maji yamekufika magotini, na hilo simshauri mtu.

Ndani huingii peke yako, mnaongozwa kwa kundi. Vyumba vimetenganishwa kwa kuta za chuma zenye matundu ya duara, na mtu mzima anapita kwa kushika chuma cha juu, kutanguliza miguu na kujirusha. Kiongozi wetu, mama mmoja mchangamfu, aliruka kama mtoto wa sarakasi. Mimi goti langu la kulia lilikataa. Mguu mmoja ukapita, mwingine ukabaki nyuma, nikawa nimekaa juu ya tundu kama mtu aliyepanda punda asijue kushuka. Nyuma yangu mtoto wa miaka kama sita akamuuliza mama yake kwa sauti, yule mzee amekwama? Nilikuwa nimekwama.

Kwa ambaye hajawahi kuingia: nyambizi ya aina hii ni pipa nene la chuma ambalo watu wanakaa ndani yake, na nje ya pipa kuna ganda jingine na matangi. Matangi yakifunguliwa maji yakaingia, chombo kinazama. Hewa iliyoshindiliwa ikiyasukuma maji nje, chombo kinapanda. Injini za dizeli zinakula hewa, kwa hiyo kule chini zinazimwa. Zinachaji betri chombo kikiwa juu, au kikiwa kimechomoza bomba la kuvutia hewa, kisha kikishazama kinatembea kwa umeme. Betri zenyewe ziko chini ya sakafu unayoikanyaga, tani kwa tani.

Wageni wenzangu walikuwa wanapiga picha periskopu. Mimi nilikuwa nawaza lile pengo kati ya pipa na ganda. Fundi yeyote aliyewahi kufungua sakafu ya tishari anajua: penye kuta mbili, kutu hujenga nyumba katikati, mahali ambapo brashi haifiki na mwenye chombo hachungulii.

Usiku, kwenye chumba cha wageni ambacho hita yake ilikuwa ya pambo tu, nikawaza zile ambazo hazikubahatika. HMS Onyx, ndugu yake Ocelot kwa muundo, ilikwenda vita vya Falkland mwaka 1982, ikaja kuwa ya makumbusho, ikaishiwa wa kuilipia, na mwaka 2014 ikakatwa chuma chakavu. Nyambizi ya Kijerumani U-534, iliyopandishwa kutoka chini ya bahari mwaka 1993, ilikatwa vipande mwaka 2008 ili iweze kuhamishwa na watu waone tumbo lake. Wapo wanaolaani kule kukata. Mimi siwalaumu waliokata. Nimekata matishari mengi, na kipande kilichokatwa kwa ustadi na kuwekwa pakavu kinadumu kuliko chombo kizima kinachosubiri bajeti.

Siku ya pili, Ijumaa

Siku ya kuhama. Treni haikuchelewa, kwa hiyo sina la kusimulia. Nilifika Portsmouth mapema, nikawahi swala, kisha nikaenda kwenye bandari ya kihistoria. HMS Victory imefunikwa kiunzi, mafundi wanang'oa mbao zilizooza. Nikapita.

Niliingia kwa Mary Rose tu, meli ya mbao ya mfalme Henry VIII iliyozama hapo karibu mwaka 1545 na kuopolewa tarehe 11 Oktoba 1982. Yaani nusu yake, maana ubavu mmoja bahari iliula. Kilichobaki walikinyeshea maji, baadaye wakakinyeshea nta maalumu, miaka kwa miaka, mpaka 2013 walipozima mabomba na kuanza kukikausha polepole. Wangekiacha kikauke haraka, mbao zingejikunja na kupasuka kama ngozi ya samaki iliyosahaulika juani.

Mwezi uliofuata baada ya Mary Rose, Novemba 1982, ndipo Holland 1 nayo ilipopandishwa. Mbao zilipewa miaka thelathini ya uuguzi. Chuma, kila mtu alidhani ni cha kusafisha na kupaka dawa basi. Hata mimi ningedhani hivyo. Ribiti yangu ni shahidi.

Siku ya tatu, Jumamosi

Mpwa wangu, mtoto wa dada, anasoma uhandisi Portsmouth. Alinikuta kituoni amevaa koti kubwa kuliko yeye.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Sasa kweli umetoka Leicester kuja kuangalia kutu?"

"Kutu zina madaraja."

Kivuko cha kwenda Gosport ni Kigamboni ndogo, bila wauza karanga. Dakika chache tu mmeshavuka. Kutoka hapo tukatembea, tukapita daraja la Haslar ambalo wenyeji wamelibatiza jina la Daraja la Nimonia, na baada ya hatua kumi juu yake sikuhitaji kuuliza kwa nini. Upepo ulikuwa unaingia kwenye mkono mmoja wa koti na kutokea kwenye mwingine. Kutoka darajani unaanza kuiona HMS Alliance, nyambizi nyingine ya makumbusho hayo ya Gosport, nyeusi, imeinua pua juu ya majengo. Nikamwambia mpwa wangu hiyo ni ya kesho.

Holland 1 ina jengo lake peke yake. Ukiingia unapokelewa na hewa kavu, kavu kuliko nje, na hiyo hewa yenyewe ni sehemu ya dawa. Chombo kimekaa katikati kama chaza mkubwa. Ni kifupi, kinene, kimepinda kwa ustadi, na ngozi yake ina matundu ambayo unaweza kupitisha vidole. Nilipoinama kuchungulia nikaona jinsi kingo za matundu zilivyokonda. Bati la chombo kilichotakiwa kuhimili bahari limebaki jembamba kama la debe. Mistari ya ribiti bado inaonekana. Baadhi ya vichwa vimeliwa vikabaki kama ndevu za juzi. Vingine vizima kabisa, na ni ndugu wa ile ya dirishani kwangu.

Mwanzilishi wake ni Mwairishi, John Philip Holland. Kejeli yake ni kwamba majaribio yake ya mwanzo Marekani yaligharimiwa na Waairishi waliotaka kuwapiga Waingereza, na mwishoni wakaja kununua muundo wake Waingereza wenyewe. Vickers waliijenga Barrow-in-Furness, ikateremshwa majini tarehe 2 Oktoba 1901. Watu wanane walikaa humo ndani pamoja na injini ya petroli. Petroli, siyo dizeli! Moshi na mvuke wake kwenye chupa iliyozibwa. Ndiyo maana walibeba panya weupe: panya akilegea, mtu ajue hewa imeharibika. Mpwa wangu akauliza choo kiko wapi. Tukatafuta kwa macho, hatukukiona.

Mwaka 1913 serikali ikaiuza kama chuma chakavu kwa pauni 410. Ikiwa inakokotwa kwenda kukatwa, bahari ikachafuka karibu na mnara wa Eddystone, ikaanza kuingiza maji, kamba ikakatwa, ikazama bila mtu ndani. Ikalala huko karibu miaka 70, mpaka ikagunduliwa 1981 na kupandishwa mwaka uliofuata.

Walipoipandisha waliisafisha, wakaipaka dawa ya kuzuia kutu, wakaiweka watu waione. Kwa macho ilikuwa imepona. Ilipofika 1993 ikawa inabomoka mbele ya wageni. Hapo ndipo nilipomshika mpwa wangu mkono nikamwambia anisomee taratibu, maana hicho ndicho kilichonileta.

Shida ni chumvi. Chuma kikilala baharini, kloridi ya maji ya bahari haikai juu ya ngozi tu. Inapenya ndani ya kutu, mpaka pale kutu inapokutana na chuma kizima, inajificha humo. Ukikitoa chombo hewani, unyevu kidogo tu unaiamsha. Na chumvi hiyo haiishi kwa kufanya kazi. Inakula chuma, inaachiwa, inakula tena, kama hamira iliyobaki kwenye bakuli inavyoumua unga wa kesho. Ukipaka rangi juu yake umeifungia ndani na chakula chake.

Nilisimama pale nikaiona ile ribiti na makoti yake matatu ya rangi. Nilikuwa nimemfunga blanketi mara tatu mtu mwenye homa.

Dawa waliyoipata ilikuwa ya uvumilivu. Wakaijengea nyambizi tangi la faibaglasi pale pale ilipo, wakaizunguka nalo kote, na mwaka 1995 wakalijaza maji yaliyochanganywa na sodiamu kaboneti. Ndani ya maji ya namna hiyo chuma hakiendelei kupata kutu, na kloridi inatoka ndani polepole, inahamia majini. Ilikaa humo miaka minne. Minne! Kisha wakaikausha na kuitengeneza, na mwaka 2001, ilipotimiza miaka 100, jengo hili la hewa kavu likafunguliwa.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, bado anatazama maandishi, "sodiamu kaboneti si ndiyo magadi?"

"Magadi gani?"

"Magadi, mjomba. Ya maharage. Ya jikoni yana vitu vingine ndani, lakini ukoo ni mmoja. Kule Ziwa Magadi, Kenya, wanayachimba ziwani, wanayachoma kiwandani, yanatoka hii hii."

Nikacheka mpaka mlinzi akageuka. Marehemu mama yangu hakuwahi kuinjika makande bila kipande cha magadi, kile cheupe chenye wekundu kwa mbali, anakivunja kwa mchi na kuonja kwa ncha ya ulimi. Maharage yakikataa kuiva, magadi. Kisamvu kikiwa kigumu, magadi. Na mimi miaka yote hiyo bandarini nimegonga kutu, nimepiga grenda, nimepaka rangi nyekundu ya risasi mpaka kucha zikabadilika, na dawa ilikuwa kwenye kopo juu ya kabati la jikoni.

Siwezi kusema ingetufaa kazini. Tishari linarudi majini kesho yake, huwezi kulilaza kwenye tangi miaka minne huku sukari inasubiri kushushwa. Lakini kujua ningependa kujua.

Tulitazama pia X24 kabla ya kufunga. Hiyo ni nyambizi ya kibeti ya Vita vya Pili, ya watu wanne, ndiyo pekee ya aina yake iliyopigana vita ikabaki mpaka leo. Iliingia bandari ya Bergen, Norway, mara mbili mwaka 1944. Lengo lilikuwa chelezo kinachoelea cha Laksevåg. Mara ya kwanza, Aprili, mabomu yakazamisha meli iliyokuwa karibu badala ya chelezo. Septemba ikarudi, na safari hii chelezo kikaenda chini. Mpwa wangu alisema asingeingia humo hata kwa shahada ya bure.

Siku ya nne, Jumapili

HMS Alliance niliingia nikiwa mtulivu zaidi, maana swali langu lilikuwa limejibiwa jana yake. Hapo niliposhika mlango nikapigwa na harufu ya dizeli iliyolowa kwenye chuma, miaka hamsini baada ya injini kuzimwa. Harufu ile haitoki kwa sabuni. Nguo zangu za kazi Tanga zilizikwa nayo.

Alliance ilianza kujengwa Barrow mwezi Machi 1945. Aina yake ilibuniwa kwa ajili ya Bahari ya Pasifiki, kwenda mbali, kupigana na Wajapani. Iliteremshwa majini tarehe 28 Julai 1945, na nusu ya Agosti Japani ikasalimu amri. Ikamaliziwa 1947, haina adui. Mwaka huo huo wakaipeleka kukaa siku 30 chini ya maji ya Atlantiki kwa kutumia bomba la kuvutia hewa, kujaribu watu watavumiliaje. Mwaka 1971 gesi ya betri ililipuka ikiwa bandarini Portland, mtu mmoja akafa. Mimi nimewahi kuona betri ya lori ikilipuka mbele ya kijana aliyeisogelea na sigara. Nikipita juu ya zile sakafu nilikuwa nakanyaga kwa adabu.

Kiongozi wa siku hiyo alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe, mwenyewe amewahi kuwa baharia wa nyambizi. Hakuwa anasoma kwenye karatasi. Alituonyesha kitanda alichosema kinafanana na chake: rafu, kwa kweli, yenye godoro jembamba, chini ya bomba lenye koki iliyomwelekea mtu usoni. Watu zaidi ya 60 waliishi humo. Akasema kitu kilichomsumbua zaidi ni kutojua kama nje ni usiku au mchana, mpaka apite jikoni aone kama wanakaanga mayai au wanachemsha viazi.

Mbele kabisa, kwenye chumba cha torpedo, kundi liliposogea nikabaki nyuma. Niliweka mkono juu ya mlango wa shaba wa moja ya mirija. Ulikuwa baridi na umesuguliwa vizuri.

Mtaani kwetu Ngamiani, nikiwa mdogo, palikuwa na mzee mmoja asiyetaka kusikia neno nyambizi. Baba yake aliandikwa askari wa mizinga wakati wa vita, akapanda meli Mombasa. Meli hiyo ilikuwa Khedive Ismail. Iliondoka tarehe 5 Februari 1944 kuelekea Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na Maldivi, ikapigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani I-27. Ilizama kwa kama dakika mbili. Watu 1,297 walikufa. Manowari za ulinzi ziliisaka I-27 na kuizamisha siku hiyo hiyo, na mabomu ya kina yalirushwa huku manusura bado wanaogelea. Mzee alikuwa anasema, "Hata mchanga wa kumwagia hatukupata."

Yule kiongozi alirudi kunitafuta, akidhani nimepotea. Nikamuuliza: mkiwa humu ndani, mnasikia meli ikizama?

Akakaa kimya kidogo. Akasema yeye mwenyewe hakuwahi kurusha torpedo kwa chombo chenye watu. Miaka yake ilikuwa ya kuviziana tu na Warusi. Lakini alipoanza kazi aliwakuta wazee waliopigana vita, na walimwambia unasikia. Unasikia kuta za meli zikipasuka moja moja inavyoshuka. "Wengi hawakupenda kulizungumza hilo," akasema.

Alliance ni kumbukumbu pia, ya mabaharia wa nyambizi wa Uingereza 4,334 waliokufa katika vita viwili vikuu. Nao wengi hawana kaburi. Nikamsimulia habari ya mzee wa Ngamiani. Akaniomba nimwandikie jina la meli. Nikamwandikia nyuma ya risiti ya chai, akaisoma kwa kuinyoosha mbali na macho, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Nje alinipeleka mwenyewe kuonyesha walivyoiponya. Ilistaafu mwaka 1973, ikawa ya kufundishia, kisha ikapewa makumbusho, ikapandishwa juu ya nguzo, ikafunguliwa kwa wageni 1981. Chini yake yalibaki maji ya bahari. Wazo zuri kwa picha, baya kwa chuma: fundi hawezi kufika tumboni bila jukwaa na boti, na mvuke wa chumvi unaipiga kutoka chini usiku na mchana. Juu nako njiwa walihamia ndani ya ganda la nje, wakazaliana, na kinyesi cha njiwa kinakula chuma. Pua na mkia vikaoza mpaka vipande vikawa vinadondoka. Ikabidi itafutwe pauni milioni 7, sehemu kubwa ikatoka kwenye mfuko wa bahati nasibu. Wakajenga ukuta majini, wakajaza udongo chini ya chombo, ikapata nchi kavu ya kusimamia. Wakakata mabati yaliyooza, wakachomelea mapya, wakawafukuza njiwa. Ikafunguliwa upya Aprili 2014.

Nilikwenda mpaka puani nikatazama mishono. Mshono wa kuchomelea ni kama mwandiko, humjui mtu lakini unajua kama alikuwa na haraka. Huyu wa upande wa kushoto hakuwa na haraka. Ametembea kwa mwendo mmoja kutoka chini mpaka juu, na pale bati linapopinda, ambapo sisi wengi tunasimama kubadilisha mkono, sikuona aliposimama. Nilimpigia picha mshono huo mara nane. Mpwa wangu alipiga picha mjomba wake akipiga picha bati, akaituma kwenye kundi la familia, na mpaka leo sijasamehewa.

Jioni alinipikia maharage chumbani kwake. Nikamuuliza ametia magadi. Akasema ametumia ya kopo.

Jumatatu, na baadaye

Nikiwa kwenye treni nilimpigia rafiki yangu wa Tanga, fundi mwenzangu ambaye bado yuko bandarini. Nikamweleza kwamba Wazungu wameilaza nyambizi nzima kwenye magadi miaka minne.

"Ikaiva?" akauliza.

Mpwa wangu alikuwa amenionya nisichukue magadi ya jikoni, kwa kuwa yenyewe yana chumvi ndani, nitakuwa namnywesha mgonjwa sumu ile ile. Nilinunua yale safi ya kufulia, pakiti ya kilo moja, na maji ya betri, yale yaliyosafishwa kwa mvuke. Nikaikwangua ribiti rangi yote, makoti matatu na praima. Chini yake ilikuwa na vishimo vidogo, na ndani ya vishimo unyevu wa rangi ya chungwa, ukiwa hai kabisa. Nikaitia kwenye chupa ya achari, nikaimwagia maji ya magadi, nikaiweka pale pale dirishani.

Nabadilisha maji kila Jumapili. Leo ni mara ya tatu. Chini ya chupa kuna vumbi la kahawia, kidogo kuliko wiki iliyopita, au ndivyo ninavyotaka kuona. Mke wangu aliuliza itakaa humo mpaka lini. Nikamwambia ile nyingine ilikaa miaka minne, lakini hii ni ndogo. Akakitoa kitambaa chake cheupe dirishani, akakifua, akakihamishia juu ya televisheni.